Mi Ndiye Nilikuwa Navuta Pazia

(Waliokosa kikao cha kundi letu la zamani la maigizo, kile cha kuzungumzia jumba letu la michezo, wameniomba niwawekee niliyosema. Nimeandika kama yalivyotoka mdomoni, picha tulizoonyesha ukutani nimeziruka, na sehemu mlizocheka sikuandika "kicheko" maana wengine hawakucheka.)

Wazee wenzangu, shikamooni mnaostahili, na nyie vijana mliosimama huko nyuma, marahaba hata kama hamjaniamkia. Asanteni kwa kuja. Kusema ukweli sikutegemea, nilidhani tutakuwa watu watatu na mlinzi.

Wengi hapa mnanijua jina ila sura hamuikumbuki vizuri, na siwalaumu, kazi yangu haikuwa mbele. Mi nilikuwa navuta pazia. Miaka yote ile nyie mnapigiwa makofi mi niko pembeni gizani na kamba mkononi, kwa hiyo nawajua migongo kuliko nyuso. Wewe dada uliyekaa pale dirishani, nikikuangalia kwa mbele nasitasita, ila ukigeuka tu nakutaja jina hapo hapo. Najua nani alikuwa anatetemeka magoti kabla ya kutoka. Najua nani alikuwa anaomba dua na nani alikuwa anajifanya haombi. Basi nitakayosema leo ni ya mtu aliyekaa nyuma, mnivumilie.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Haya, wazee tumejaa hapa, na neno limeharibika. Jumba lina tundu juu ya jukwaa ambalo ukilala chali unahesabu nyota, nyaya zimetafunwa na panya, na ile barua ya kututaka tuondoe vitu vyetu imebandikwa mlangoni mwezi mzima sasa. Limeharibikaje na sisi tupo? Ndugu zangu, limeharibikaje na sisi tupo? Na tafadhali msiniambie eti watu siku hizi wanaangalia simu. Simu haikutoboa paa.

Mnakumbuka tulivyovunjika? Najua mnakumbuka, naona mnavyoangalia chini. Kwa vijana wasiojua niwaambie, hatukuvunjika kwa njaa wala kwa kukosa watu. Tulivyovunjika ukumbi ulikuwa unajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Tulivunjika kwa sababu ya kuinama.

Si mnajua mchezo ukiisha waigizaji mnatoka kuinamia watazamaji, wadogo wanaanza, wakubwa wanafuata, na yule wa mwisho kabisa ndiye anapokea makofi mazito. Sasa tulikuwa na wakubwa wawili, majina siyataji na hakuna haja, wenyewe wako humu ndani. Kila mmoja anataka awe wa mwisho. Ikaanza kwa utani, ikawa kununiana, ikawa kupeana kadi za harusi kwa kupitia mtu wa tatu. Mpaka usiku ule. Wadogo wametoka wameinama wamerudi, wawili hawa wamesimama nyuma ya pazia, mmoja upande wangu na mwingine upande wa pili, huyu anamsubiri yule atangulie na yule anamsubiri huyu. Jukwaa tupu. Makofi yanalia. Mi nina kamba mkononi, nawaangalia kushoto, nawaangalia kulia, nifunge au nisifunge?

Nikasikia makofi yakifa.

Nyie hamjawahi kusikia makofi yakifa, maana huwa mnaondoka stejini yakiwa hai. Hayakatiki kwa mara moja. Yanaanza kupungua huku pembeni, halafu katikati, halafu anabaki mtu mmoja anapiga peke yake, pa, pa, pa, naye anagundua yuko peke yake anaacha kwa aibu. Nikafunga pazia. Kesho yake kwenye mazoezi ikaja nusu ya kundi, wiki iliyofuata nusu ya nusu. Huyu kaondoka na maleba, yule kaondoka na skripti, na mmoja wenu, Mungu anamuona, aliondoka na buli la mchezo wa tatu ambalo halina hata mfuniko.

Sasa sikilizeni hili, maana ndio nililolijia. Wakati ule paa lilikuwa na tundu dogo tu, msumari mmoja umeng'oka. Nilikuwa naweka ndoo pale kati. Tone linaanguka, to, kimya, to, kimya, na mmoja wenu alikuwa hodari kiasi kwamba alijifunza kusema maneno yake kati ya tone na tone, watazamaji wakadhani ni sauti ya mchezo. Fundi angeimaliza ile kazi kwa asubuhi moja. Lakini nani amuite fundi? Hawa wanasema jumba ni la wale, wale wanasema jumba ni la hawa. Tundu la msumari likawa tundu la ngumi, la ngumi likawa la mlango. Kwa hiyo mtu akija kuniambia tukusanye hela tuliokoe jumba, mi nauliza, tuliokoe sisi nani? Kundi liko wapi? Kama kundi hakuna, hata mkiezeka kwa dhahabu litatoboka tena.

Niwape kisa cha watu wa zamani, nilikisoma nikacheka peke yangu kama chizi. London, mwaka 1576, jamaa mmoja anaitwa James Burbage kajenga jumba la michezo, wakaliita tu "The Theatre", yaani hakujichosha na jina. Jumba la kwake, ila kiwanja cha kupanga. Mwaka 1597 mkataba wa kiwanja umeisha, na mwaka huo huo mzee Burbage kafariki. Wanabaki wanawe wawili, Cuthbert na Richard, na kundi lao, na humo kwenye kundi yuko mwandishi mmoja anaitwa Shakespeare. Mwenye kiwanja, Giles Allen, anawazungusha. Leo hivi kesho vile, na moyoni anapiga hesabu abomoe jumba mbao zibaki kwake.

Wakafanyaje? Hawakuandika barua ya kulalamika. Walikuwa wamesoma mkataba, na mle ndani kulikuwa na kifungu walichokishikilia kwamba wana haki ya kuondoka na walichojenga. Wakangoja Allen ametoka mjini kwa Krismasi, tarehe 28 Desemba 1598, wakaja na fundi seremala Peter Street na vibarua, wakalibomoa jumba lao wenyewe, gogo kwa gogo, mbao wakazihifadhi, baadaye wakazivusha ng'ambo ya mto Thames. Mwaka 1599 zile zile zikasimama upya, jumba jipya, jina Globe. Allen alirudi akakuta uwanja mtupu! Akaenda mahakamani, hakupata kitu.

Mnacheka, ila kilichonigusa mi siyo ule ujanja wa Krismasi. Ni kilichofuata. Hela ya kujenga haikutosha, ndugu wawili wakachukua nusu ya hisa, nusu ya pili wakagawana waigizaji watano, Shakespeare mmoja wao. Waigizaji wakawa wenye nyumba! Na mwenye nyumba anajua tundu la msumari ni la kwake. Mwaka 1613 wanacheza, mchezo unataka mzinga ulie, mzinga ukalia kweli, cheche zikashika paa la nyasi na jumba zima likateketea. Inasemekana hakuna aliyekufa, ila kuna bwana suruali yake ilishika moto akaizima kwa chupa ya pombe. Mwaka uliofuata jumba limesimama tena na safari hii wameezeka vigae. Nani alilipa? Wenye hisa. Na mmoja aliyeshindwa kutoa sehemu yake akapoteza hisa, wakafikishana mahakamani, kwa hiyo msidhani nawaletea habari za malaika.

Haya, turudi kwetu. Kuna mtu humu ana karatasi? Mkataba wa jumba letu uko kwa nani? Nilivyouliza kwenye grupu nilipata majibu manne tofauti na emoji moja ya mikono. Wapo waliosema tumepewa, wapo waliosema tumepanga, mmoja kasema tulinunua, na mtunza hazina wetu wa zamani kasema "mi nilijua ni la serikali". Jamani! Miaka yote ile! Kabla mtu hajachangisha hata senti, hiyo karatasi itafutwe, isomwe mstari kwa mstari na mtu anayejua sheria, siyo mjuaji, mwanasheria. Halafu kundi liandikishwe liwe kitu kinachoweza kushtaki na kushtakiwa, maana sasa hivi sisi kisheria ni watu tu tunaofahamiana. Akaunti iwe moja, sahihi tatu, na katika hao watatu mmoja asiwe msanii. Msinune, nawajua. Msanii ukimpa hela ya bati ataona kitambaa kizuri cha pazia njiani na hela imeisha.

Wengine wananong'ona, ndio, lakini fulani hayupo tena, bila yeye hakuna kundi. Nawasikia. Mi mwenyewe kuna siku nilisimama pale pembeni nikashika kamba nikangoja akohoe, maana alikuwa anakohoa mara moja kabla ya kutoka, na ndio ilikuwa ishara yangu ya kufungua. Nikangoja muda mrefu.

Lakini hebu wasikieni Wafaransa. Tarehe 17 Februari 1673, Paris, Molière yuko stejini, ndiye mwandishi, ndiye mwongozaji, ndiye mwigizaji mkubwa, ndiye kiongozi wa kundi, yaani ukimtoa yeye umetoa kila kitu. Anacheza mtu anayejidhania mgonjwa kumbe yeye mwenyewe ni mgonjwa kweli. Kamaliza kucheza, wakamrudisha nyumbani, usiku huo huo akafa. Wiki moja baadaye kundi limerudi stejini. Wiki moja! Halafu yakaanza kuwamiminikia. Waigizaji wanne wakubwa wakahamia kwa washindani, na jumba lenyewe wakanyang'anywa, mfalme akampa Lully, bwana wa muziki. Hawana kiongozi, hawana nyota, hawana jumba.

Waliobaki walikuwa na mjane wake, Armande Béjart, na mwigizaji mmoja anaitwa La Grange. Huyu La Grange, jamani, huyu ndiye mtu wangu. Alikuwa na daftari. Tangu 1659 kila siku anaandika leo tumecheza mchezo gani, mlangoni kimeingia kiasi gani, kila mtu kapata mgao gani. Msiba ukitokea anachora alama nyeusi pembeni, anaendelea na hesabu. Kundi lenye daftari halizimwi kirahisi. Wakatafuta jumba jingine, wakaungana na kundi la Marais, kundi jingine la hapo Paris, ambao nao walikuwa wamefungiwa ukumbi, na mwaka 1680 mfalme akawaunganisha na wale wale washindani waliowachukulia nyota wao. Hapo ndipo ilipozaliwa Comédie-Française, na inacheza mpaka leo.

Sasa mnaona ninapoelekea, na naona baadhi mmeanza kukunja uso. Ndio. Wale waliotoka kwetu wakaanzisha kundi lao tuwaite. Na wale waliokuwa wapinzani wetu tangu mwanzo, ambao tulikuwa tunatuma mtu akakae siti ya nyuma aje atuambie wamechekwa mara ngapi, tuwaite pia. Wao hawana jumba na sisi hatuna watu. Mnataka ushahidi gani mwingine?

Kuhusu lile wazo la onyesho kubwa la usiku mmoja. Kila mtu ananiambia hilo. Turudishe wakongwe wote, usiku mmoja, ukumbi ujae, watu walie, jumba lipone. Ni wazo tamu na ndio maana halifai peke yake. Kwanza huwezi kuuza tiketi kwenye jengo ambalo halijakaguliwa, utauliwa na faini kabla mvua haijakuua. Mkaguzi ataangalia paa, ataangalia umeme, ataangalia milango ya kutokea moto ukitokea, na yetu mmoja umejengewa ukuta, sijui na nani. Pili, usiku mmoja hata ukijaa mpaka ngazi haulipi paa. Piga hesabu mwenyewe, siti zote mara bei ya tiketi, toa taa, toa sauti, toa matangazo, toa zile tiketi za bure za mashemeji. Kinachobaki kinanunua misumari.

Tatu, na hii ndio inaniuma zaidi, wafadhili wanapenda vitu vinavyoonekana. Mtu yuko tayari kulipia kiti kiandikwe jina lake. Bili ya umeme haiandikwi jina la mtu, kwa hiyo hakuna anayetaka kuilipa, na majumba mengi yanakarabatiwa yanameremeta halafu yanafungwa kwa kukosa hela ya kuwasha taa. Kwa hiyo kila tunapochanga kwa ajili ya bati, fungu liwekwe pembeni la kuendeshea mwaka wa kwanza. Mwaka mzima, nasema.

Sijasema onyesho lisifanyike! Lifanyike, ila tujue kazi yake ni nini. Mwaka 1989 London walipata kwenye machimbo mabaki ya jumba jingine la enzi za Shakespeare, linaitwa Rose, na juu yake imepangwa ofisi. Waigizaji wakubwa wakubwa wakamiminika pale, wakakusanyika na watu wa kawaida kuzuia. Je, ofisi haikujengwa? Ilijengwa. Ila ilibidi waiinue, mabaki yakabaki salama chini yake. Siyo ushindi kamili, lakini kama wangekaa nyumbani wakisikitika pangekuwa na zege tupu. Onyesho letu liwe hivyo. Tucheze nje, mbele ya mlango uliofungwa, barua yao ikiwa imebandikwa nyuma yetu, wapite waone nani anamtaka nani hapa.

Na muwe na subira. Kuna mwigizaji wa Marekani, Sam Wanamaker, alikwenda London mwaka 1949 kutafuta Globe ilipokuwa, akakuta kibao tu ukutani kwenye kiwanda cha pombe. Mwaka 1970 akaanzisha mfuko wa kuijenga upya. Akafa 1993. Jumba likafunguliwa 1997. Hakuliona. Nyie mnataka tumalize kabla ya mwezi ujao kwa sababu mna safari.

Kuhusu umri sitaki kuongea sana. Najua magoti hayapigi tena. Wewe uliyekuwa unaruka kutoka kwenye ngazi, usiruke. Koleo likivunjika uhunzi haujaisha, kacheze baba mkwe. Zile nafasi za vijana wapewe vijana, na wakisahau maneno kaeni pembeni muwanong'oneze, siyo mgunegune. Kuna binti mmoja pale nyuma nilimkuta juzi anafagia jukwaa peke yake, hakuna aliyemtuma, nikamuuliza unajua huu mchezo? Akausema ukurasa mzima. Alijifunza kwa bibi yake. Bibi yake alikuwa mshonaji wetu wa maleba, yule ambaye kwenye kuinama hatukuwahi kumtoa hata siku moja.

Nimalizie na jambo langu binafsi.

Lile pazia, kamba yake nilikuwa naivuta peke yangu. Nzito, lakini nilikuwa kijana na kuna namna unaegemeza mgongo. Wiki iliyopita niliingia nikajaribu. Kitambaa kimelowa miaka, kapi zimeshika kutu, na mkono wangu wa kulia vidole viwili havifungi tena. Pazia lilipanda kama shubiri nne likakwama. Nimetia grisi, fundi kaangalia, kasema kamba bado nzima ila inataka watu wawili, mmoja upande wa kushoto na mmoja wa kulia, wavute kwa pamoja, mmoja akiwahi mwenzake linakaa upande.

Kwa hiyo nahitaji watu wawili. Naona wawili mmekaa, mmoja mlangoni na mwingine kona ile ya mwisho, mmewekeana ukumbi mzima katikati. Sisemi mshikane mikono, sisemi mtu aombe msamaha mbele za watu. Mazoezi ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Kamba ziko mbili. Wewe shika ya kushoto, na wewe shika ya kulia, upande ule ule mliosimama siku ile. Mi nitasimama kati, nitakohoa mara moja.